Mpira wa zamani uko wapi? Kubadilisha filta ya dizeli kwenye mashine ya boti

Mlango wa bahari kati ya Tanga na Pemba hauna pa kutia nanga. Ukishaiacha miamba ya Tanga nyuma, chini yako ni mamia ya mita za maji, na mkondo unavuta kaskazini mchana na usiku. Mwezi wa Julai, kusi imekaza, nilikuwa fundi katika boti ya fiba iliyopakia machungwa ya Muheza kwenda Wete. Katikati ya mlango mashine ikazima. Filta nilikuwa nimeibadilisha mwenyewe alfajiri ile.

Nikatoa hewa kwenye njia ya mafuta, mashine ikawaka, ikaenda dakika tatu, ikazima. Nikatoa tena. Mara tano. Nahodha alikuwa mzee wa Kojani, spana haijui lakini bahari anaijua. Alikuja akachutama mlangoni mwa chumba cha mashine, akaniuliza neno moja tu: "Fundi, mpira ulioutoa asubuhi uko wapi?"

Sikuwa nao. Nikafungua kifuniko cha filta, nikaukuta mpira wa zamani, ule wa kuziba kifuniko kisipitishe hewa, umelala bapa ndani ya mfereji wake, mweusi kwenye uchafu mweusi, na ule mpya nimeukalisha juu yake. Mashine ilipokubali kuwaka na kubaki, taa ya mnara wa Kigomasha ilikuwa imeshakuwa kusini yetu. Maana yake tulikuwa tumeipita ncha ya Pemba, tunaelea kuelekea upande wa Shimoni.

Kazi yenyewe haizidi saa moja, na kijana yeyote aliye makini anaiweza. Ila ina mahali pawili pa kukosea, na nitakaa hapo zaidi kuliko kwingine: mipira na hewa.

Ijue kwanza njia ya mafuta

Mashine ninayoifanyia mfano ni Yanmar 3GM30, silinda tatu, kwa kuwa ndiyo iliyopita mikononi mwangu mara nyingi. Filta ya kwanza ni Racor 500, ile yenye bakuli la kuonea chini na kipini juu ya kifuniko, imefungwa ukutani mwa chumba cha mashine. Yako ikiwa ya aina nyingine, boliti zitakaa pengine, lakini njia ni ile ile: tangi, koki ya tangi, filta ya kwanza, fidi pampu (pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tangini), filta ya pili iliyo kwenye mashine yenyewe, pampu ya nozeli, halafu nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Mafuta yanayozidi hurudi tangini kwa bomba lake la mpira.

Sasa igawe njia hiyo mara mbili kichwani mwako, na fidi pampu iwe mpaka. Kutoka tangini hadi fidi pampu, mafuta yanavutwa. Kutoka fidi pampu kwenda mbele, mafuta yanasukumwa. Penye kusukumwa, ufa wowote utavujisha dizeli na utauona kwa macho au utaunusa. Penye kuvutwa, hasa tangi likiwa chini kuliko mashine, ufa hauvujishi hata tone. Unanyonya upepo. Utapapasa kila kiungo kwa tambara, utakuta pakavu, na mashine itaendelea kuzima. Filta ya kwanza iko upande huo wa kuvutwa, ndiyo sababu mpira wake mmoja uliokaa vibaya ulitupeleka karibu na maji ya Kenya.

Jambo la pili la kujua ni kwa nini filta huziba baharini na si gatini. Uchafu na maji hulala chini ya tangi kwa sababu ni vizito kuliko dizeli. Bahari ikiwa shwari, havisumbui mtu. Siku mawimbi yanapokupiga ubavuni, tangi linatikisika kama dumu mgongoni mwa punda, takataka zote zinanyanyuka na kwenda filtani kwa mkupuo. Filta iliyokuwa nusu ya uhai wake inajaa kwa dakika kumi, na hali ya hewa wakati huo ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo usingoje dalili. Badilisha filta kabla ya msimu wa kusi na katikati yake, hata kama mashine inaimba vizuri.

Kitabu cha Yanmar kinataka maji yamwagwe filtani kila saa 50 za kazi na filta ibadilishwe kila saa 250. Kwa boti inayojaza mafuta ya madumu, mimi filta ya kwanza naibadilisha kila saa 100. Ukiona mashine inashuka mzunguko kila unapoongeza moto, yaani unapoipa mafuta zaidi iende kasi, halafu inapona ukipunguza, hiyo tayari inalia njaa ya mafuta.

Filta ipi ununue

Filta za Racor 500 zinauzwa kwa rangi. Nyekundu inachuja chembe hadi mikroni 30, ya buluu mikroni 10, ya kahawia mikroni 2. Unywele wa mtu una mikroni kama 70, upate picha. Wengi hukimbilia ya kahawia wakiamini ndogo zaidi ni bora zaidi. Kwa filta ya kwanza hapana. Inaziba mapema mno. Weka ya buluu, na kama mafuta yako ni machafu sana weka nyekundu, kazi ya kuchuja kwa umakini iachie filta ya pili. Nunua mbili kila mara: moja ya kufunga leo, nyingine ibaki botini kwenye mfuko uliofungwa vizuri, pamoja na mipira yake. Fungua boksi ukiwa dukani na uhesabu. Ndani unatakiwa ukute filta, mpira mkubwa wa kifuniko, na oringi ndogo ya kipini, yaani mpira mdogo wa duara. Kama oringi ndogo haimo, usilipe mpaka uipate, kwa sababu hiyo ndiyo watu huisahau mahali pake na ya zamani ikaachwa ikiwa imekakamaa.

Maandalizi

Andaa spana, pamoja na namba 17 ya nati za nozeli, bisibisi, bakuli pana, matambara yasiyotoa nyuzi, tochi ya kichwani, na lita tatu hivi za dizeli safi. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiukaribishe kabisa kwenye njia ya mafuta; kipande chake kikikatika kinakwenda kukaa ndani ya pampu. Silikoni vile vile.

Dizeli safi huitengenezi siku ya kazi. Jaza dumu siku moja kabla, liweke juu ya kitu, usiliguse usiku kucha. Asubuhi limimine polepole bila kulitingisha, na lita ya mwisho iache humo humo. Kuchuja kwa kanga hupunguza takataka, lakini maji yanapita kwenye kanga kama kawaida. Kinachoondoa maji ni utulivu wa dumu.

Mashine iwe imepoa, maana dizeli ikimwagikia ekzosi ya moto inaweza kuwaka. Sigara ibaki nje. Na kama boti yako ina pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti, inayojiwasha yenyewe, izime, la sivyo dizeli itakayodondoka itatupwa baharini, pale pale wenzako wanapotega.

Filta ya kwanza

Funga koki ya tangi. Tegesha bakuli chini ya filta, legeza kizibo cha chini, na uache maji na uchafu vishuke mpaka itoke dizeli tupu. Rudisha kizibo. Fungua kipini cha juu, nyanyua kifuniko, halafu vuta filta ya zamani taratibu huku ukiizungusha kidogo ili isirushe uchafu. Iweke bakulini, utaihitaji baadaye.

Hapa ndipo ninapotaka usimame. Kabla hujafungua pakiti ya mipira mipya, tafuta ile ya zamani. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Mkubwa huwa unabaki umeng'ang'ania chini ya kifuniko; chokonoa kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye mfereji ni njia mpya ya upepo. Mdogo uko kwenye shingo ya kipini. Iweke yote miwili juu ya tambara jeupe mahali unapoiona. Kisha pitisha kidole ndani ya mfereji mzunguko mzima. Kidole kinajua kuliko jicho, maana mpira uliobanwa miezi mingi unafanana na chuma kilichopakwa rangi. Ukihakikisha pako patupu, futa kwa tambara lenye dizeli.

Sasa paka mipira mipya dizeli kwa kidole, ikalishe mahali pake, teremsha filta mpya mpaka ikae sawasawa, halafu jaza dizeli safi hadi ukingoni kabisa. Kila nafasi ya hewa unayoiacha hapa utakuja kuipampu kwa mkono baadaye. Rudisha kifuniko na ukaze kipini kwa mkono tu. Kukaza kwa koleo hakuzibi zaidi, kunaukata mpira.

Filta ya pili

Kwenye 3GM30 filta ya pili ni bakuli dogo lililoshikwa na nati ya mviringo. Tegesha tambara chini, fungua nati, shusha bakuli, toa filta, osha bakuli kwa dizeli, weka mpya. Mipira ni ile ile sheria yake: wa zamani kwanza mezani, ndipo mpya mkononi. Bakuli hili unaweza kulitia dizeli safi kidogo kabla ya kulirudisha, kwa kuwa mafuta yanaingia kwa nje ya filta na bado yatachujwa.

Kama mashine yako ina filta ya kopo la kuzungusha, usimimine mafuta kupitia tundu lake la kati. Upande huo ni wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, kwa hiyo chochote utakachomimina kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya nozeli. Lifunge likiwa tupu, ulijaze kwa kupampu. Paka mpira wake dizeli, zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, ongeza nusu mzunguko mpaka robo tatu, basi.

Kutoa hewa

Pampu ya nozeli inabana mafuta hadi nozeli ifunguke, na kwenye mashine hii inafunguka kwenye kilo 170 kwa sentimita ya mraba. Tairi la gari dogo lina kama kilo 2. Dizeli haibaniki kwa urahisi, ndiyo maana inafungua nozeli. Hewa inabanika. Pampu inaifinya, inatanuka, inaifinya tena, na nozeli haifunguki. Povu dogo tu linatosha kuinyamazisha mashine nzima.

Fungua koki ya tangi. Legeza skrubu ya hewa iliyo juu ya filta ya pili, mizunguko miwili, zungushia tambara. Pampu kwa mkono kile kijiti cha fidi pampu. Ukikuta ni kilegevu, hakina uzito wowote, fidi pampu imenyanyuliwa na kemshafti iliyo ndani. Zungusha mashine mzunguko mmoja, utakipata. Vijana wengi hukata tamaa hapa wakidhani fidi pampu imekufa.

Kwanza litatoka povu jeupe kama la soda. Endelea. Yatakuja mafuta yenye mapovu makubwa machache, kisha mafuta manene bila hata kipovu. Usiishie kwenye mafuta ya kwanza safi. Pampu mara ishirini zaidi, kwa sababu hewa hujificha kwenye kona za juu za mabomba na hutoka kwa awamu. Kaza skrubu huku ukiendelea kupampu, si baada ya kuacha.

Nenda kwenye skrubu ya pampu ya nozeli, fanya vile vile. Washa za skrubu hiyo, zile ringi bapa za kuzibia, ni za shaba. Kama umezilegeza mara nyingi weka mpya, ni za bei ndogo mno kuwa sababu ya kurudi gatini kwa kuvutwa.

Mara nyingi hapo mashine itawaka. Isipowaka, legeza nati za nozeli kwa spana 17, nusu mzunguko tu, sukuma kijiti cha moto hadi mwisho, na mwenzako apige stata. Mafuta yatachuruzika kwa midundo. Nozeli inayotoa mafuta bila povu, kaza, nenda nyingine. Stata isizidi sekunde 15 kwa mara moja, kisha ipumzike. Uso na mikono viwe mbali na nati hizo. Dizeli inayotoka kwa nguvu ile inapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kitone tu, lakini ndani nyama inaoza. Ikikutokea, hospitali saa ile ile, hata kama hupati maumivu, na uwaambie ni dizeli ya nozeli.

Kuna hatari nyingine kwenye boti ambazo maji ya kupoza hutokea kwenye ekzosi. Ukipiga stata mara nyingi bila mashine kuwaka, pampu ya maji ya bahari inaendelea kusukuma, ekzosi haina moshi wa kuyatoa, nayo yanajaa na kurudi ndani ya silinda. Mashine nzima inaharibika kwa sababu ya filta. Kwa hiyo funga koki ya maji ya bahari unapohangaika na stata, na mweke mtu akae ameishika. Kazi yake ni hiyo peke yake: mashine ikinguruma, afungue.

Usivuke bado

Mashine imewaka, inakaa sailensa vizuri, yaani inanguruma polepole bila gia wala moto. Hapo ndipo nilipodanganyika siku ile ya Julai. Kwenye sailensa mashine inakunywa kidogo, mvuto wa fidi pampu ni mdogo, na mpira mbovu unaweza kuvumilia. Ukiitia gia na kuipa moto wa safari, mvuto unaongezeka na upepo unaanza kuingia kidogo kidogo, unakusanyika juu ya filta, mpaka unafika wingi wa kuizima. Kwetu ulichukua zaidi ya saa.

Tangu hapo sivuki siku niliyobadilisha filta. Naifanya kazi jioni, kisha tunatoka ndani ya ghuba ya Tanga na kukizunguka kisiwa cha Toten kwa moto wa safari, nusu saa nzima, mashine ikiwa kwenye gia. Tukirudi naangalia kwa tochi bakuli la filta ya kwanza. Vipovu vikipanda humo, kuna mahali panavuta.

Kupatafuta kuna njia fupi. Tundika dumu la dizeli safi juu kuliko mashine, chomoa bomba la mpira linaloingia kwenye fidi pampu, badala yake unganisha bomba la dumu. Mashine ikienda nusu saa bila kutetereka, ubovu uko kati ya tangi na fidi pampu, na upande wa mbele uache. Hapo rudisha bomba la tangi, kisha paka grisi nzito kiungo kimoja kimoja, ukiwasha kila mara. Kiungo kitakachotuliza mashine ndicho chenyewe. Grisi si dawa, ni ya kuonyesha tu, fungua ukitengeneze. Anzia kipini cha Racor, kisha klampu za mabomba, kisha koki ya tangi.

Ile filta ya zamani uliyoiweka bakulini, sasa ikate kwa kisu uitandaze. Vumbi la kahawia ni kutu ya tangi la chuma. Utelezi mweusi wenye harufu ya kuoza ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli, na maana yake tangi lina maji mengi. Filta peke yake haitakuokoa, tangi lifunguliwe lioshwe. Boti ikilala gatini siku nyingi, ilale na tangi lililojaa, maana ukuta mtupu wa tangi hutoa jasho usiku na jasho hilo ndilo maji yako.

Kijana ninayefanya naye kazi sasa ni wa Sahare, ana miaka 19. Kwenye daftari la boti anaandika saa za mashine, tarehe, rangi ya filta, na mstari mmoja niliouweka mimi: mipira iliyotoka, mipira iliyoingia. Pakiti mpya naishika mimi. Ananiletea ya zamani kiganjani, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, ndipo naifungua.